Msiba Usiokuwa na Mtani

Nilimpa saba kwa ishirini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma mpaka leo, na kwa sababu siku ile halikunichoma hata kidogo. Nilibonyeza, alama zikaingia, nikaenda zangu kutafuta mihogo ya kukaanga.

Tulikuwa mwaka wa pili chuoni Masasi, tunasomea ualimu. Mkufunzi wetu wa Kiswahili, kijana wa kutoka kanda ya ziwa aliyependa mambo ya mtandao kuliko chakula, alitupa kazi ya muhula. Kila mmoja atunge hadithi ya kwao, aiweke kwenye tovuti ya darasa, aipambe kwa picha, sauti, au chochote kinachobonyezeka. Kisha kila hadithi ihakikiwe na kupewa alama na mwanafunzi mwenzake, na uhakiki ubaki pale pale chini ya hadithi, watu wote wausome. Wenzangu waliogopa. Mimi nilifurahi, jamani! Ulimi wangu ni mkali tangu utotoni, umenipatia viboko vingi, na sasa nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuutumia na alama juu yake. Nikajiona hakimu.

Hadithi niliyopangiwa ilikuwa ya mtani wangu, kijana wa Kimakonde kutoka Mnyambe, kule Newala. Mimi ni Mmakua wa Chiwata. Wamakua na Wamakonde tunataniana tangu enzi za mababu. Mtani unamtukana na hakasiriki, unaingia jikoni kwake unafunua sufuria, unamkamata kuku wake uani na kuondoka naye. Sisi tunawaambia wanakula panya. Wao wanajibu kwamba ni sisi tuliowafundisha, na mikia bado tunaificha tuile peke yetu. Mimi na kijana huyu tulikuwa tukianza asubuhi hatumalizi hadi kengele ya mchana, na darasa lilikuwa likitusubiri kama watu wanaosubiri mechi.

Lakini kazi kubwa ya mtani si darasani. Kazi yake ni msibani. Mtani ndiye anayeingia kaburini na kukataa kutoka, anayeiga mwendo wa marehemu na kikohozi chake, mpaka mjane mwenyewe aangue kicheko katikati ya machozi. Shehe atasonya, padri atatazama pembeni, ila hakuna wa kumfukuza. Mtu akizikwa bila mtani, wazee wetu huanza kuulizana marehemu alikosana na nani.

Hadithi yake ilihusu hilo. Ukiifungua, unaona picha ya simu inaita. Unabonyeza kupokea, na mazungumzo yanatokea mstari kwa mstari. Kijana anampigia mtani wa baba yake, rafiki wa miaka mingi anayekaa mbali kidogo, anamwambia baba amefariki alfajiri na wao ni Waislamu, watazika alasiri. Mtani anacheka. Anasema, "Mwambie anisubiri nimalize kupulizia mikorosho. Akianza kunuka, harufu nitaipata huku huku." Baada ya hapo kila ukurasa una saa yake. Saa nne, saa sita, saa nane. Kila ukurasa una picha ile ile ya njia inayoingia uani, haina mtu, na mama anauliza, "Amefika?" Baba anazikwa. Hakuna anayecheka. Ukurasa wa mwisho una kisanduku kitupu cha kuandikia, na maneno: Mtani, andika hapa.

Niliandika hivi: "Mwandishi ana kipaji lakini hajui mila za kwao. Maneno ya mtani kwenye simu ndiyo bora katika hadithi nzima. Hata hivyo, mtani mwenye ulimi wa namna hiyo hawezi kukosa mazishi, angefika hata kwa magoti. Mwisho hauaminiki. Tena kisanduku cha ukurasa wa mwisho ni kitupu, inaonekana mwandishi alichoka au bando lilimwishia." Nilipofika kwenye bando nikacheka peke yangu.

Mkufunzi aliusoma uhakiki wangu mbele ya darasa, akausifu kwa ujasiri wake. Mtani wangu alikuwa amekaa nyuma, anaitazama mikono yake. Nikamrushia, "Mmakonde, umeumia?"

"Sijaumia. Umesoma yote?"

"Mpaka kisanduku."

"Basi," akasema, akafungua daftari lake.

Niseme sasa hivi, nisimzungushe mtu. Hadithi ile ilikuwa kweli tupu. Na mtani aliyekosa kufika alikuwa baba yangu mzazi.

Baba na Mmakonde wake walikutana wodini, hospitali ya misheni pale Ndanda, kabla mimi sijazaliwa. Baba alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika mguu, mwenzake amelazwa kwa tumbo, na vitanda vyao vilikuwa jirani. Asubuhi ya kwanza baba akamwambia, "Mmakonde, kama unakufa leo, usiuguse huo uji, niachie." Yule akajibu kwamba shuka la baba ameshalipima kwa macho, linamtosha sanda na kipande kitabaki cha kupanguzia miguu. Wauguzi walidhani watu wanagombana, wakataka kuwatenganisha. Walipotoka, urafiki ulibaki, na mchezo wa kufa ukabaki nao. Kila mwaka mmoja angempelekea mwenzake taarifa ya kifo chake, zamani kwa watu wa magari, baadaye kwa simu. Hata watoto tulitumika. Nikiwa darasa la tano nilipigishwa simu Newala, nikalia kilio cha kufundishwa, nikasema baba ametutoka. Mzee wa watu akaniambia, "Mfukieni na jembe lake, asije akaazima la wenzake huko." Baba alikuwa pembeni yangu, amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

Nilimwona mzee huyo mara mbili tu maishani, nikiwa mdogo, na nyumbani hakuwa na jina zaidi ya Mmakonde wa baba. Kisa cha vitanda viwili na simu za uongo nilikisimulia darasani mwaka wa kwanza, tulipokuwa tukijadili mila. Watu walicheka mpaka wengine wakainama chini ya meza. Kijana wa Mnyambe sikumtazama. Sijui alikuwa na uso gani.

Jumapili baada ya kusifiwa nilikwenda nyumbani Chiwata. Nilitaka baba asikie jinsi binti yake alivyomtandika Mmakonde mbele ya dunia. Nilimkuta barazani anafunga upya mpira wa pampu ya kupulizia dawa. Akaniambia nisianze na uhakiki, nianze na hadithi yenyewe, maana huwezi kujua kama fimbo ilikuwa ya haki kabla ya kumwona mwizi. Nikasoma. Mwanzoni alikuwa akitabasamu. Nilipomaliza yale maneno ya harufu na mikorosho, nikanyamaza kidogo ili acheke.

Hakucheka. Aliweka mpira chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nani kaandika?"

"Mmakonde mmoja wa Mnyambe, nasoma naye. Kwani vipi, Baba?"

"Hayo ni maneno yangu," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, nikaona kidevu chake kinacheza. Sijawahi kumwona baba hivyo, hata siku aliyozikwa bibi.

Akaniambia yote, taratibu, bila kunitazama. Miaka miwili nyuma, simu ilimkuta ana pampu mgongoni. Alisikia sauti ya kijana, akasema moyoni, leo wamemfundisha mtoto vizuri. Akajibu alivyojibu, akakata, akaendelea na kazi. Mchana kutwa alikuwa na raha. "Nilikuwa natunga, mwanangu. Natunga kifo changu, nimpigie kesho yake, kiwe kikubwa kuliko chake." Kesho yake alipiga, simu haikupokewa, akadhani mwenzake ameshindwa jibu. Siku ya nane, sokoni Masasi, mfanyabiashara mmoja wa Newala alimshika mkono akamwambia pole kwa mtani wako. Baba alirudi nyumbani mikono mitupu, akamwambia mama ana malaria, akalala siku tatu. Laini ya simu akaivunja akaitupa chooni.

"Kwa nini hukwenda? Hata baada ya hapo?"

"Na uso gani? La kuvunda halina ubani."

Hapo nilipandisha hasira. Mungu anisamehe, nilimfokea baba yangu barazani kwake, majirani wanasikia. Miaka miwili! Watu wamezika wakiitazama njia, wewe umelala na malaria ya uongo! Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama asijue amnyamazishe nani. Baba hakunijibu ukali. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Umesema kuna kisanduku. Kimeandikwa mtani aandike. Basi niandikie humo, mwanangu. Neno moja. Nitakutajia."

"Thubutu!" nikamwambia. "Mtani hachekeshi msiba kwa bando. Utakwenda kwa miguu yako, ukaseme mbele ya mjane."

Nilijiona nimesema la maana sana.

Jumatatu nilimkuta mtani wangu bombani, anafua. Nikamuuliza kama alijua mimi ni mtoto wa nani.

"Tangu siku ile uliposimulia vitanda viwili."

"Na mimi kuhakiki hadithi yako?"

"Nilimwomba mkufunzi. Ulikuwa umepangiwa mwingine."

"Sasa mbona hukuniambia, wewe? Mwaka mzima tunakaa darasa moja!"

"Nilikuambia," akasema. "Ukanipa saba."

Nilikaa kwenye tofali. Aliendelea kusuuza shati lake, na akiwa anasuuza akanieleza habari ya mama yake. Kuzikwa bila mtani si kilichomuumiza mama peke yake. Kilichomuumiza ni kutojua sababu. Alikuwa na hakika mume wake alimkosea rafiki yule jambo zito, jambo ambalo hakumwambia hata mkewe, na kwa miaka miwili alikuwa akilitafuta. Leo anafikiri ni mwanamke, kesho anafikiri ni uchawi. Mtu aliyeishi naye ndoa nzima kwa amani, sasa anamchunguza akiwa kaburini. Kijana alishamwambia mara mia kwamba mzee alicheka kwenye simu, labda hakuamini. Mama anajibu kwamba mtoto anamfichia baba yake.

"Nilitaka baba yako aandike neno moja tu pale, nimsomee mama. Likitoka kwa mtu wa nje angeamini."

"Ataandika leo hii! Jana tu aliniomba!"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kisanduku kimejifunga jana jioni, muda wa kazi ulipokwisha. Mkufunzi alitutangazia."

Nikamwambia Jumamosi tutakwenda Mnyambe, mimi na baba. Akasema karibuni. Basi, karibuni tu.

Kwa mkufunzi pia nilikwenda, kuomba nibadilishe zile alama. Alisema haziwezi kubadilishwa, akanisifu tena kwa uhakiki ule. Nilitamani kumtupia kiatu.

Jumamosi baba alivaa koti lake la harusi na misiba. Tangu tunatoka Masasi midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilijua anajaribu maneno, anachagua, anatupa, anaokota jingine. Kadiri gari lilivyopanda uwanda wa Newala ndivyo alivyochangamka. Alinieleza kwamba mjane huyo alikuwa moto wa kuotea mbali, kwamba safari yake ya mwisho kule alimkimbiza kwa upawa hadi barabarani kwa sababu ya finyango moja ya kuku, na kwamba hajawahi kupokewa na mama yule bila tusi. "Atanichamba leo," akasema. "Atanichamba mpaka nikome. Na acha anichambe, ni haki yake. Akimaliza kunichamba tutalia wote, halafu yatakwisha." Nilimwamini. Nilikuwa nimejiandaa hata mimi kupata sehemu yangu.

Pikipiki zilitushusha karibu na nyumba. Kabla ya kuingia uani baba alivua koti akaligeuza nje ndani, mifuko ikining'inia kama masikio ya mbuzi, akajifunga kipande cha kiroba kichwani. Akavuta pumzi. Kisha akaingia kwa kilio kikubwa cha uongo, anachechemea, mkono kiunoni:

"Yuko wapi yule mwenye tumbo? Mmemficha wapi? Nimechelewa kwa sababu ninyi Wamakonde hata kufa hamjui! Mtu anakufa kila mwaka, nitajuaje huu ndio wenyewe?"

Kuku walitawanyika. Mtoto mmoja wa jirani alicheka, akanyamazishwa. Mjane alitoka ndani, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga vizuri, kijana wake nyuma yake. Alikuja mpaka mbele ya baba. Nikasema moyoni, sasa ndiyo atamchamba.

Akapiga magoti.

"Shikamoo, Baba," akasema. "Karibuni sana. Poleni na safari."

Kwa umri ilikuwa sahihi kabisa, baba amemzidi miaka mingi. Hakuna mtu yeyote ambaye angeweza kumlaumu. Lakini mtani hapigiwi magoti. Anayepigiwa magoti ni mgeni, ni mkwe, ni mwenyekiti wa kijiji. Niliona baba amefungua mdomo, maneno yote aliyoyabeba tangu Masasi yamo humo, na hana pa kuyaweka.

"Marahaba," akasema mwishowe.

Kijana alileta kiti chenye mto, akaleta maji ya kunawa kwenye beseni, akamwinamia. Baba alikaa na koti lake lililogeuzwa. Akaeleza. Alieleza vizuri, hakujitetea: pampu mgongoni, kicheko, simu ya kesho yake, sokoni, malaria. Mjane alisikiliza ameketi mkekani, kichwa chini. Baba alipofika mwisho, mama yule alijifunika uso na kanga, akalia. Alilia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe mume wangu hakuwa na kosa."

"Hakuwa na kosa lolote, mama. Kosa ni langu."

"Alhamdulillahi," akasema, na nilimwona mabega yakishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo. "Mungu akubariki, Baba, kwa kuja kuniambia. Sisi tumeshasamehe. Yote ni mipango ya Mungu."

Nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli. Aliyekuwa akiteseka kuliko wote alipata alichokihitaji. Tulipikiwa wali na kuku. Baba alitengewa firigisi, sahani ya peke yake, ya kauri. Mama yule alikuwa akimkaribisha kila mara, "Ongeza, Baba, usione haya," na baba alikuwa akisema ahsante. Mimi nilijaribu. Nilisema kuku wa Kimakonde ni mgumu kama mwenye nyumba. Mjane akasema, "Tusamehe, mwanangu, hatukujua mapema kama mna haraka."

Baada ya chakula kijana alitupeleka kaburini. Baba alisimama pale. Nilitegemea angalau pale, ana kwa ana na mwenzake, atasema kitu. Midomo ilicheza mara mbili, ikatulia. Akavua koti, akaligeuza likawa sawa, akafunga vifungo vyote hadi juu.

Tulirudi, tukashuka Masasi. Hapo ndipo aliponiambia, "Wamenisamehe kama mtu baki."

Nikamwambia samahani, Baba. Laiti ningeandika neno lake kwenye kile kisanduku, lingetangulia mbele yetu, labda mama yule angepata siku mbili tatu za kutafuta tusi la kumjibu. Labda. Baba alisema twende, mama anasubiri.

Jumatatu asubuhi niliingia darasani mapema nikamsubiri. Alipotokea mlangoni nikapaza sauti, darasa zima lisikie, nikamwita mla panya, nikamuuliza yule kuku wa juzi alikuwa wa lini, wa ukoloni? Wenzetu waligeuza viti, wengine walishaanza kucheka.

Alikuja hadi mezani kwangu. Aliweka madaftari yake chini, akanipa mkono.

"Habari za asubuhi, dada," akasema. "Mzee alifika salama?"

Nikamwambia alifika salama.